Nyumba ya Umma Imegeuka Tanuri, na Mama Mkwe Huzima Mashine ya Kupoza

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 34. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na tangu mwaka 2017 ninaishi Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, pamoja na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Koko. Tumepanga katika nyumba za umma, zile zinazomilikiwa na mamlaka ya nyumba, ambako kodi hukadiriwa kwa kufuata kipato cha familia. Fleti yetu iko ghorofa ya juu kabisa, chumba cha Koko kimeelekea magharibi, na juu yetu hakuna kitu kingine ila paa.

Shida yetu ni joto. Mwezi Juni mashine ya kupoza iliyoko juu ya paa ilikuwa ikijitahidi, lakini tangu katikati ya Julai inapuliza upepo wenye unyevunyevu usioleta nafuu yoyote. Shuka zinashika majimaji, na bado mtu analala akitokwa na jasho. Mimi ninafanya usafi hotelini kutwa nzima, na mume wangu yuko ghalani kuanzia alfajiri hadi jioni. Koko, ambaye ana umri wa miaka 68 na anatumia dawa za presha, hubaki nyumbani na watoto, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa minne.

Jumanne iliyopita nilirudi kazini saa kumi na moja jioni nikakuta mashine imezimwa, madirisha yote yamefungwa na mapazia yameshushwa. Koko alikuwa ameketi kwenye vigae vya sakafu ya bafu, kitenge kilicholowa maji kikiwa kichwani, na mtoto mdogo amelala mapajani pake. Tuna saa ya mezani yenye kipimajoto. Ilionyesha nyuzi 97 za Fahrenheit, yaani nyuzi 36 za Selsiasi. Mtoto nilipomwamsha alikuwa mzito, akakataa hata maziwa. Koko aliniambia kwamba alizima mashine tangu saa nne asubuhi kwa sababu "inakula pesa za mwanangu na baridi yenyewe haitoi," na kwamba joto ni la kuvumilia hadi jua litue, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akasimama, akayumba, akashika sinki. Akasema ni uzee.

Nimekwenda ofisi ya nyumba mara mbili kueleza kwa mdomo. Mara ya kwanza alikuja fundi, akaona feni ya mashine inazunguka, akasema haina tatizo. Mara ya pili niliambiwa kwamba nikitaka kuweka kiyoyozi cha dirishani nitalipa tozo ya kila mwezi. Mume wangu hataki nirudi tena huko. Anasema tuliishi miaka mingi chini ya turubai, na leo tuna nyumba yenye mlango wa kufunga, maji na jiko. Tukilalamika tutaonekana watu wasio na shukrani, na huenda tukatolewa. Nami ni mkaza mwana tu, sina ubavu wa kumwamrisha mama mkwe jinsi ya kukaa nyumbani.

Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Phoenix

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale Koko aliposhika sinki. Huo haukuwa uzee. Mtu wa miaka 68 mwenye presha, aliyekaa saa saba katika nyumba ya joto la namna hiyo, akisimama na kuyumba, mwili wake umeishiwa maji na damu haifiki kichwani inavyotakiwa. Mtoto anayekuwa mzito na kukataa maziwa yumo katika hali hiyo hiyo, kwa kuwa mwili mdogo hupata moto upesi kuliko wa mtu mzima. Jumanne ile mlikuwa karibu sana na msiba, kwa hiyo nitaanza na yale ambayo hayawezi kungoja ofisi wala mume.

Ukimkuta Koko au mtoto amechanganyikiwa maneno, hajibu anapoitwa, ameanguka, au ngozi yake ni ya moto na hajielewi, hicho ni kiharusi cha joto. Piga simu 911 papo hapo, mmwagie maji, mpepee, na uweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu zake asinyweshwe chochote. Usingoje gari lifike ndipo aanze kupozwa. Tangu mwaka 2024 wazimamoto wa Phoenix huwaingiza wagonjwa wa aina hii ndani ya mfuko wenye maji na barafu wakiwa njiani kwenda hospitali, kwa sababu kila dakika ambayo mwili unabaki na moto ule huharibu ubongo, figo na moyo. Mfundishe na huyu mtoto wako wa miaka tisa kupiga namba hiyo na kutaja anwani yenu, kwa kuwa mchana yeye ndiye mwenye miguu mepesi katika nyumba hiyo.

Wiki hii pia Koko aonane na daktari, akiwa na dawa zake zote mkononi. Baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kumkojosha mgonjwa, na wakati wa joto kali zinaweza kumkausha kuliko ilivyokusudiwa. Daktari ndiye wa kupunguza au kubadilisha. Yeye mwenyewe asiziache. Nitarudi kwa huyo daktari baadaye, kwa maana kuna barua utakayoihitaji kutoka kwake.

Sasa nizungumzie neno lake kwamba joto ni la kuvumilia hadi jua litue, kwa sababu ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo lote. Koko hasemi upuuzi. Kwenye milima ya Fizi, na hata Kasulu iliko Nyarugusu, neno hilo ni kweli tupu: jua huchoma mchana, na saa mbili usiku mtu anatafuta cha kujifunika. Mwili wa binadamu hustahimili mchana mkali kwa sababu unategemea usiku; moyo hupumzika, joto lililolimbikizwa hutoka, na asubuhi mtu anaanza upya. Mbinu zake zote, kufunga madirisha mchana, kukaa sakafuni, kulowesha kitenge, ni za mtu aliyejifunza kuvuka saa chache ngumu akijua nafuu inakuja.

Phoenix nafuu hiyo haiji. Mwaka 2023 mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo, kuanzia 30 Juni hadi 30 Julai, ambazo kila moja ilifika au kuzidi nyuzi 110 za Fahrenheit, yaani nyuzi 43 za Selsiasi. Rekodi iliyotangulia, ya mwaka 1974, ilikuwa siku 18. Lakini mimi kilichonishtua zaidi ni usiku wake. Katika mwezi huo kulikuwa na usiku 16 mfululizo ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 90, na tarehe 19 Julai kiwango cha chini kabisa cha siku nzima, ile saa ya mapambazuko ambapo watu hutoka kutafuta hewa, kilikuwa nyuzi 97. Ndiyo namba ileile uliyoikuta kwenye saa yako. Mji wa lami na zege hukusanya moto wa mchana na kuutoa polepole usiku kucha, na ukuta wa magharibi wa fleti ya ghorofa ya juu hufanya vivyo hivyo pembeni ya kitanda cha Koko. Ndiyo maana chumba chake kinaweza kuwa cha moto zaidi saa tatu usiku kuliko saa nane mchana.

Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka 2023, na 608 mwaka uliofuata. Wengi wa hao walifia nje, wakiwemo wengi wasio na makazi. Waliofia ndani, kwa sehemu kubwa, walikuwa na mashine ya kupoza humo humo nyumbani, ila imeharibika au imezimwa. Nilifanya kazi ya ukalimani hospitalini kwa miaka mingi, na ninamkumbuka mzee mmoja, mtu mpole sana, ambaye alipoulizwa na muuguzi kwa nini hakuwasha mashine, alinitazama mimi badala ya muuguzi na kusema, "Mwanangu analipa mengi." Huyo alipona. Lakini tangu siku hiyo, nikisikia mzee amezima mashine kwa ajili ya pesa za mtoto wake, siwezi kulichukua kama jambo dogo la nyumbani.

Kuhusu mashine yenyewe, kwa jinsi ulivyoieleza, nadhani mnachokiita mashine ya kupoza si kiyoyozi. Ni kile kipoza hewa kinachotumia maji: sanduku juu ya paa lenye pedi zilizoloweshwa, na feni inayovuta hewa ya jangwani kupitia pedi hizo. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto, na hewa huingia ndani ikiwa imepoa. Katika ukavu wa Juni kinafanya kazi nzuri na hakili umeme mwingi. Lakini Julai na Agosti hewa ya Arizona hupata unyevu wa mvua za kiangazi, maji kwenye pedi hayakauki upesi, na kinachoingia chumbani ni unyevu tu. Kwa hiyo hukukosea, na Koko naye hakukosea aliposema haitoi baridi. Tena kifaa hicho kinataka dirisha moja au mawili yaachwe wazi kidogo ili hewa ya zamani ipate pa kutokea; madirisha yote yakifungwa, chumba kinajaa mvuke na jasho haliwezi kukauka mwilini. Jaribuni hilo leo jioni. Mwulize pia fundi pedi zilibadilishwa lini, kwa kuwa pedi zilizoganda chumvi ya maji hazipitishi hewa, ingawa feni itazunguka na mtu atasema haina tatizo. Wala feni ya kawaida isiwadanganye: chumba kikishazidi nyuzi 90 haitegemewi tena kumkinga mzee, na hewa ikiwa ya moto kuliko ngozi huongeza moto mwilini badala ya kuutoa.

Hapo ndipo tunafika ofisini, na safari hii hutakwenda kwa mdomo. Nunua kipimajoto cha pili, kiweke katikati ya chumba cha Koko, mbali na ukuta na dirisha, kwa kimo cha meza. Kwa siku saba andika joto la asubuhi, la saa kumi alasiri na la saa tatu usiku, na upige picha kwa simu. Kanuni za jiji la Phoenix kwa nyumba za kupanga zinasema kwamba nyumba iliyowekewa kiyoyozi iweze kupozwa hadi nyuzi 82 au chini yake, na iliyowekewa kipoza hewa cha maji iweze kufika nyuzi 86 au chini yake. Fundi aliyeona feni inazunguka hakupima kitu ambacho kanuni inakidai. Andika ombi la matengenezo lenye tarehe, ambatisha vipimo vyako, na ubaki na nakala. Omba mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza cha maofisini kinakusumbua. Si jambo la aibu.

Ni vizuri ujue pia mahali sheria ilipo dhaifu, usije ukavunjika moyo ukiambiwa. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinadai nyumba za umma ziwe na uwezo wa kupasha joto wakati wa baridi, lakini hazidai ziwe na kiyoyozi. Ziliandikwa kana kwamba baridi peke yake ndiyo inayoua, na mimi ninaona huo ni upungufu mkubwa unaolipiwa na wazee na watoto wa miji kama yenu. Kwa sababu hiyo hiyo posho ya umeme inayopewa familia katika nyumba hizo kwa kawaida haihesabu kiyoyozi, na ndiyo asili ya tozo uliyotajiwa.

Hata hivyo, kanuni hizo hizo zinairuhusu mamlaka ya nyumba kumpa nafuu ya tozo za umeme mpangaji ambaye ni mzee, mgonjwa au mlemavu, na mwaka 2024 wizara ya nyumba ilitoa mwongozo unaoziruhusu mamlaka hizi kupunguza mzigo wa tozo za kupoza nyumba wakati wa joto kali. Sasa ile barua ya daktari. Mwombe aandike kwamba Koko ana presha, anatumia dawa fulani, na kwamba afya yake inahitaji chumba chenye kiyoyozi halisi. Kwa barua hiyo omba mambo mawili kwa maandishi: ruhusa ya kuweka kiyoyozi chumbani kwake na nafuu ya tozo. Ikiwa hali yake inahesabiwa kuwa ulemavu, sheria ya mwaka 1973 inayowalinda walemavu inaitaka taasisi inayopokea fedha za serikali kuu ifanye marekebisho yanayowezekana, na ofisi haitaweza kukujibu kwa neno moja tu la hapana. Fleti ya ghorofa ya chini, ikipatikana, ni ombi jingine la halali kabisa.

Wakati mnasubiri, piga simu 211 uulize juu ya vituo vya kupumzikia joto vilivyo karibu nanyi na juu ya usafiri wa kwenda huko. Maktaba za umma zina viyoyozi, na saa za alasiri Koko na watoto wanaweza kukaa humo bila mtu kuwauliza wamefuata nini. Ila wasitembee kwa miguu mchana, maana lami ya Phoenix huunguza ngozi ya mtu aliyeanguka. Uliza pia msaada wa serikali kuu wa kulipia umeme wa familia zenye kipato kidogo. Arizona unatolewa hata kwa bili za kiangazi. Kampuni za umeme zinazosimamiwa na tume ya jimbo hazikati umeme kwa kutolipa katika kipindi cha joto: ama kuanzia 1 Juni hadi 15 Oktoba, ama siku ambazo joto linatabiriwa kupita nyuzi 95, kutegemea utaratibu uliochaguliwa na kampuni. Lakini kama mnatumia mita ya kulipia kabla, mfano wa LUKU ya Tanzania, ulizeni mapema salio likiisha kinatokea nini, msije mkashtukizwa usiku.

Mume wako ninamwelewa. Mtu aliyelala chini ya turubai hawezi kuidharau nyumba, na shukrani yake ni ya kweli. Lakini mwambie kwamba nyumba hiyo hamkai bure. Mnalipa kodi kwa jasho la ghalani na hotelini, mmetia saini mkataba, na mkataba huo unaibana pande zote mbili. Katika nyumba za umma mpangaji hatolewi bila sababu ya msingi, na kuna utaratibu wa malalamiko ambao mamlaka yenyewe inalazimika kuwa nao. Kuomba mashine itengenezwe si sababu ya kumtoa mtu. Aende pamoja nawe ofisini. Maombi ya familia yakipelekwa na baba na mama yana uzito mwingine, naye akisikia kwa masikio yake hofu itapungua.

Lililobaki ni Koko. Hapo sikushauri umwamrishe, na hakuna haja. Neno la pesa limtoke mwanawe kinywani, si wewe. Aketi na mama yake siku yake ya mapumziko, amwonyeshe bili ya umeme kwa hesabu, amwambie ni kiasi gani amekwisha kukitenga kwa ajili ya miezi hii, na kwamba hospitali ya siku moja ingemgharimu zaidi ya kiangazi kizima. Mzee akijua hesabu huacha kukisia, na akikisia daima hukisia kwa kujinyima.

Wewe mpe kazi ambayo hataikataa. Mwombe awe mlinzi wa kipimajoto kwa ajili ya mjukuu: kikifika nyuzi 82, aombwe awashe mashine na kumnywesha mtoto maji, naye anywe glasi yake hapo hapo, kiu iwepo isiwepo, kwa maana katika ukavu wa jangwa jasho hukauka kabla mtu hajaliona, na umri wake unapunguza hisia ya kiu. Kikipita 90 na mashine haisaidii, akupigie simu, na mwajiri wako ajue tangu leo kwamba simu hiyo ni ya lazima. Jaza chupa kwenye jokofu usiku, kwa sababu bomba la maji baridi huko Julai hutoa maji ya uvuguvugu. Na kitanda chake kihamishieni sebuleni, upande usiopigwa na jua la magharibi, usiku huu huu, kabla ya barua yoyote kujibiwa.

Shangazi